Mapipa Manne ya Shemeji

Shemeji yake alipobisha hodi kwenye ofisi yake ya mabati, Mama Makaratasi alimwacha asimame. Kiti kilikuwepo, ila alikiwekea faili.

"Shemeji," alisema yule mwanamume, mume wa dada yake mkubwa na mwenye kiwanda cha uchapaji, "nadhani umesikia habari za hizi kanuni mpya."

Alikuwa amezisikia kabla yake. Kuanzia mwezi ujao kila mahali pa kazi patenganishe taka: karatasi na pipa lake, plastiki na lake, mabaki ya chakula na lake, matambara ya wino na lake. Watu wote wafundishwe, na mkufunzi anayetambuliwa atie saini. Wakufunzi mjini walikuwa watatu, na wawili walikuwa hawana nafasi mpaka mwisho wa mwaka. Wa tatu alikuwa yeye, Mama Makaratasi.

Miaka mitano nyuma alikuwa mkata karatasi katika kiwanda hicho. Siku moja wakati wa kutoka, shemeji alimsimamisha langoni, akaupindua mkoba wake mbele ya wenzake. Vikamwagika vipande vya karatasi ambavyo vingechomwa moto, alivyokuwa akiwapelekea wanaosaga karatasi upya. "Mwizi wa takataka," shemeji alisema, na watu wakacheka. Dada yake, aliyekuwa dirishani, akashusha pazia. Lile jina la Mama Makaratasi walimbandika siku hiyo kwa kejeli. Alipofungua karakana yake ya kuchambua taka, aliliandika juu ya mlango kwa herufi kubwa, akajiapiza kwamba iko siku atakula sahani moja na yule mtu.

"Nitakuja Jumatatu asubuhi," alimwambia. "Wote wawepo, na wewe pia."

"Mimi nina msimamizi wangu."

"Kanuni zinasema mkuu wa kazi ndiye wa kwanza."

Ndivyo zilivyosema kweli. Ibara hiyo aliisoma mara nyingi kama barua ya mchumba.

Jumatatu aliamuru taka za wiki nzima zimwagwe juu ya turubai uani. Aligawa glovu, na za shemeji alimchagulia mwenyewe, kubwa kupita kiasi. Shemeji akainama na shati lake jeupe, akaanza kuchambua majani ya chai yaliyogandia karatasi. Alipotupa tambara la wino kwenye pipa la karatasi, Mama Makaratasi alilipindua lote.

"Karatasi ikishashika mafuta haisagiki. Anza upya."

Alianza upya mara tatu. Fundi wa mashine, mzee wa watu, aliinama kumsaidia.

"Mwache, baba. Anajifunza."

Hakuna aliyecheka. Wafanyakazi walitazama viatu vyao, na hilo lilimuudhi, kwa sababu kicheko hicho alikuwa amekingoja miaka mitano. Basi akawageukia wao, akawafundisha vizuri kwa saa mbili, maana hakuwa na ugomvi nao. Pipa la karatasi aliliweka pembeni mwa mashine ya kukatia, na la matambara akaliweka mbali na moto, likiwa na kifuniko.

"Sasa utatia saini?" shemeji aliuliza. Wino ulikuwa umemfika kwenye viwiko.

"Wao wamefaulu. Wewe bado. Tuonane Jumatatu ijayo."

Jioni dada yake alimpigia simu.

"Umemdhalilisha mume wangu kwa ajili ya mkoba?"

"Na pazia pia, dada."

Dada akakata simu.

Jumatatu ya pili shemeji alichambua kila kitu bila kosa na bila neno. Mama Makaratasi alipekua mapipa yote manne mpaka chini akitafuta la kumkamatia, akakosa. Akatia saini. Alitarajia angalau amwombe radhi.

"Asante, mkufunzi," alisema shemeji, akaondoka kwenda kunawa.

Alirudi kwake kifua kikiwaka vilevile. Ukaguzi wa kwanza wa kushtukiza ungefanyika baada ya miezi mitatu, na mkaguzi alikuwa bado hajateuliwa. Alivuta fomu ya kuomba kazi hiyo, akajaza jina la kiwanda cha shemeji, halafu kwenye nafasi ya mkaguzi akaandika la kwake.