Siti ya Nyuma

Mwanaume mzima, fundi wa mapaa, alizizunguka pikipiki mbili dukani asubuhi nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwambia, "Baba watoto, amua basi! Miguu inaniuma."

Moja ilikuwa kruza: ndefu, imekaa chini, inang'aa hadi unajiona meno. Siti yake moja tu, nyuma yake tairi. Nyingine ilikuwa ya safari: imeinuka juu, ina kioo cha kukinga upepo, masanduku ubavuni, na siti ya nyuma yenye egemeo. Moyo wangu ulishahamia hiyo. Tuliahidiana kwamba nikistaafu uuguzi tutakwenda kwa binti yetu kwa barabara, sisi wawili, tukisimama tunapotaka. Mjukuu anatembea sasa na bado hatujambeba.

"Ile ya chini haiwezi kuongezwa siti?" nikamuuliza muuzaji.

"Hapana, mama. Ile ni ya mtu mmoja. Mzee, ijaribu hii ya safari humu uani."

Mzee wangu akameza mate. Nikaona, nikajifanya sijaona. Akapanda, nikapanda nyuma, nikamshika kiunoni. Tukazunguka ua vizuri tu. Kufika getini, lori likawa linaingia. Akakanyaga breki, pikipiki ikaanza kulala kushoto, na nikasikia mguu wake unatafuta ardhi, haupati. Goti lile halinyooki sawasawa tangu adondoke kwenye paa la watu. Mungu wangu! Lori liko mbele, dude lote linatulalia, na yeye hata kelele hapigi. Nikatupa mguu wangu chini, nikasukuma kwa nguvu zote mpaka pikipiki ikasimama wima. Tangu shule wananiita Twiga, na sijawahi kulipenda jina hilo hadi siku ile.

Akazima injini. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Tuchukue ile ya chini," akasema bila kugeuka.

"Na mimi?"

"Utapanda basi. Tutakutana huko huko."

"Ulijua?"

Akaanza kufuta kioo kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe! Ulijua mguu haufiki?"

"Nilikuja peke yangu wiki iliyopita, nikakaa juu yake," akasema. "Nikadhani viatu vya soli nene vitasaidia."

Nikamtazama miguuni. Kweli, buti mpya, soli kama matofali. Nilitaka kucheka, nilitaka kumzaba kibao. "Kwa hiyo ulikuwa radhi kuniangusha kuliko kuniambia?"

"Ningekuambiaje? Tangu tuoane mimi ndiye ninayekubeba."

Hapo nikashtuka. Pikipiki ya zahanati niliiendesha mimi, kwenye matope na mvua, nikiwafuata wajawazito majumbani. Lakini nikifika nyumbani namkabidhi mzee ufunguo, na tukitoka pamoja anakaa mbele, mimi nyuma. Hakuna aliyewahi kusema iwe hivyo. Hata mimi, asubuhi nzima, macho yangu yalikuwa kwenye siti ya nyuma tu.

"Shuka," nikamwambia.

"Mama watoto, watu wanatuangalia."

"Waangalie mpaka wachoke. Shuka, usinitie wazimu!"

Akashuka akichechemea. Nikasogea mbele, nikashika usukani, nyayo zangu zote mbili zikatua chini. Lori likatupigia honi. Nikalionyesha kiganja lisubiri. Yeye alisimama pembeni akinitazama, na sikujua kama atapanda au atakwenda zake kwa miguu. Moyo ulinidunda kuliko wakati ule tulipotaka kuanguka. Akikataa, nilijua, safari yetu imekufa pale getini.

Akapanda. Aliuvuta ule mguu mbovu kwa mkono, akinung'unika maneno nisiyoyasikia. Siti ikadidimia nyuma yangu.

"Sasa mimi nishike wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapo hapo ninapokushika mimi siku zote."

Mikono yake ikaja kiunoni kwangu. Nikaingiza gia.