Umri wa Taiyo

Katika wanawake wa Kang'ata wa rika langu, mimi ndiye niliyesoma kuliko wote: nina darasa la nne kamili. Tulikuwa wawili tu tuliopelekwa shule, na mwenzangu alitolewa darasa la tatu akaolewa. Sheria nayo naijua. Ile moja.

Alinifundisha Gregori, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwaka tulioswagwa pamoja na ng'ombe wetu kuingizwa katika kijiji cha ujamaa. Alisema polisi wakimkamata mtoto asiyefikisha miaka kumi na sita, mzazi awepo anapohojiwa, na asichanganywe na watu wazima. Nikaikariri huku nikiomba nisiihitaji.

Mwaka 1976 nikaihitaji. Ng'ombe waliingia shamba la mahindi la kijiji, mlinzi, Semboja, akapigwa rungu la kichwa, na polisi walipokuja kukamata, wenye mbio walikwisha kutokomea. Akabaki mwanangu Taiyo, anahangaika na ndama. Wakamchukua hadi kituo kimoja cha njia ya Korogwe. Jina la kituo silitaji. Waliokuwapo wana wajukuu sasa, na wengine hunisalimia vizuri tu.

Nilitoka alfajiri, nikafika mchana. Taiyo alikuwa amekalishwa sakafuni. Walimvua zile shuka nyeusi wanazovaa vijana wetu wakishatahiriwa, wakamvalisha kaptura ya mtu mwenye kitambi. Jicho moja lilikuwa limevimba. Hakuniangalia.

Koplo Yordani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa mgeni, katoka huko kwao ziwani, akaniamkia na kunipa kiti. Nikamweleza sheria yangu. Nikamwambia Taiyo alizaliwa wiki ile ile ya Uhuru, na mkunga alichelewa kwa sababu alikwenda kutazama bendera. Koplo akacheka, akahesabu kwa vidole, akasema basi ni miaka kumi na minne. Niweke sahihi nimchukue nyumbani hadi siku ya mahakama. Akiwa mtu mzima, saa kumi lori lingewapeleka watuhumiwa wengine wa kituo mahabusu, naye angekwenda nao.

Ningenyamaza hapo. Lakini nilimwona koplo anautazama ule urefu wa mwanangu, yale mabega, nikaingiwa na hofu, na mdomo wangu ukiogopa haushikiki.

"Bado mtoto kabisa, afande," nikasema. "Hata kutahiriwa bado."

Kwetu, kumsema hivyo kijana aliyekwisha kutahiriwa ni kumvua nguo sokoni. Taiyo alikatwa bila kupepesa ukope, wazee wakamsifu, na ilikuwa miezi miwili tu imepita. Nikamsihi kwa Kimaasai, taratibu, akubali tu, tukifika nyumbani nitamchinjia mbuzi wa kumwomba radhi.

Akaniangalia mara moja. Macho yale ndiyo ninayolala nayo mpaka leo, kwa sababu alirudi kutoka kifungoni baada ya miaka miwili akikohoa, na masika hakuyamaliza.

Koplo akamwuliza kama ni kweli asemavyo mama yake.

"Si kweli." Taiyo akainua kichwa. "Mimi ni mwanamume. Nilitahiriwa mwezi wa pili. Yeyo, huyu mama yangu mwenyewe, ndiye aliyeninyoa nywele, kama mama yeyote anavyomnyoa mwanawe kabla ya kutahiriwa."

"Mama," koplo akanigeukia, "ulimnyoa?"

"Nilimnyoa," nikasema. "Alikuwa na chawa."

Taiyo akainamisha kichwa. Nadhani alinionea aibu kuliko alivyojionea yeye mwenyewe. Koplo hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Sasa hiyo miaka kumi na minne," akasema, "nayo umeitunga hapa hapa?"

Miaka ile ilikuwa kweli tupu. Nikafungua mdomo niape, na kalamu yake ilikuwa imeshaandika kumi na minane.