Mkaguzi na Mkwe Asiyeuza

Mzee alikagua mizigo forodhani miaka thelathini na moja, na husemwa kwamba sanduku lenye sakafu mbili alilinusa lingali melini. Basi alipobisha hodi kwa bintiye, mwenye mimba ya miezi saba, hakuja kusalimia tu. Alikuja kuamua kama amwache pale au arudi naye.

Mashaka yake yote yalikuwa kwa mkwe. Bwana huyo aliandika programu ya kompyuta ya kugawia dawa, zahanati mia mbili zikaitumia, naye hakuiuza hata kwa senti. Aitakaye huichukua, akaifungua, akaibadilisha apendavyo. Mwenyewe alikula kwa kutengeneza printa za watu. Ukoo ulimwita Bwana Bure, nyuma ya mgongo wake na mara nyingine mbele.

"Ifungue uone mwenyewe, baba," mkwe alisema, akimsogezea kompyuta. "Haina siri."

Hapo Mzee akazidi kushuku. Forodhani, ukionyeshwa sanduku lililo wazi, magendo yamo kwenye lile ulilokalia. Akainuka, akakagua kiti.

Mkwe alipotoka na ndala zake kwenda kwa mteja, Mzee aligonga kuta, akapapasa godoro, akageuza viatu. Soli zilitoboka, zikazibwa kwa kadibodi. Mjanja kweli, aliwaza. Hata umaskini kaupanga. Akaanza kufungua printa mbovu zilizopangwa ukutani. Ndani ya printa ya tatu alikuta karatasi iliyokunjwa kuzuia kifuniko kisicheze.

Ilikuwa barua ya kampuni: mshahara wa kutisha, nyumba na gari, mradi programu ifungwe na iuzwe. Ya miaka mitatu iliyopita. Mzee akaenda nayo jikoni.

"Kumbe mumeo alipewa nyumba akakuchagulia vyumba viwili. Funga mizigo, twende."

Binti hakuacha kumenya viazi. "Igeuze, baba."

Katika nyumba ile, karatasi ilitumika pande zote mbili. Nyuma, kwa mwandiko wa bintiye, palikuwa na rasimu: tunashukuru, lakini haiuzwi.

"Yeye alitaka kukubali," binti alisema. "Alisema mke hashibi kwa sifa. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kwamba baba yangu alirudisha bahasha ya mfanyabiashara, akaja nyumbani kwa miguu, na hatukufa."

Mzee aliketi. Bahasha ile aliikumbuka vizuri. Aliirudisha kwa sababu mtoaji alipepesa macho mno, akahisi ni mtego. Uaminifu walimbandika wanawe, naye akauvaa miaka yote kama koti la kuazima lililomkaa.

"Nifunge mizigo?" binti aliuliza.

"Mizigo gani?" Akavikwapua viatu vya mkwe, akasema anavipeleka kwa fundi, gharama juu yake.

Alipopinda kona, alitumbukiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa chini ya kadibodi hadi vidoleni. Hamna kitu. Akajaribu cha pili.