Sifuri za Sietse

Sifuri tupu kwenye mashine ya kupimia. Sietse aliinua mikono juu kama aliyefunga goli, na mimi wivu ukanichoma.

Kila majira ya baridi chama chetu cha redio hapa Drenthe huchagua oskileta moja, kile kisanduku kinachotetemesha umeme mara milioni kumi kwa sekunde, ili iongoze mtambo wetu wa mnarani. Inayoyumba kidogo kuliko zote ndiyo hupanda mnarani, na jina la aliyeiunda hutangazwa hewani mwaka mzima. Jina hilo lilikuwa langu, Geertje, tangu kabla sijaota mvi. Huyu Sietse kaja juzi tu na meno yake meupe, na tayari anakatiwa kipande kinene cha keki ya tangawizi. Mimi napewa ncha iliyokauka.

"Mzee Wubbe, njoo uone! Haichezi hata kidogo!" Sietse akaita.

Wubbe, mwenyekiti wetu, alivaa miwani, akaitazama mashine ya kupimia. "Kijana, sifuri mpaka tarakimu ya mwisho? Haiwezekani, kila oskileta huyumba. Sikubali. Ya Geertje inapanda tena."

Hapo ningenyamaza tu, nikanywa supu yangu ya njegere na kwenda nyumbani na jina langu. Lakini kushinda hakukunitosha. Nilitaka aumbuke mbele za watu.

"Mwoneni fundi wenu!" nikasema, nikiushika waya nyuma ya mashine. "Mashine inahesabu kwa kufuata oskileta ileile anayoipima! Inajilinganisha na nafsi yake. Hivyo hata kopo bovu lingetoa sifuri!"

Watu waliangua kicheko. Sietse aliiva kwa aibu mpaka masikioni. Nilisikia raha, jamani, raha kweli.

"Hapo nimechemka, dada," akasema. "Basi chomeka saa kuu ya chama, ile tunayosahihishia vipimo vyote, tupime upya."

Nikachomeka kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa oskileta yake, tarakimu ya mwisho ikacheza kidogo, ikatulia. Tukapima yangu. Tarakimu tatu za mwisho zikawa zinarukaruka.

Wubbe akavua miwani. "Hii sasa naiamini. Asante, Geertje. Bila wewe tungemdhulumu huyu kijana."

Kesho yake asubuhi, Sietse alisimama chini ya mnara, kisanduku chake kifuani.

"Dada, nishikie ngazi, tafadhali. Wewe ndiye unayeijua."

Nikaishika, meno nimeyauma.