Nati ya Nane

"Tatizo la pale," Iwao alisema walipokwisha kufunga milango ya gari, "ni pasafi mno. Fundi asiyechafuka mikono huyo anatengeneza picha, hatengenezi injini."

Setsuyo alikuwa bado ameshika kalamu juu ya daftari lake. Yeye alipapenda. Kijana mwenye glavu nyeupe aliwazungusha karakana nzima, pale kando ya barabara kuu ya Niigata, akawaonyesha mashine ya kuchonga silinda na mizani ya kupimia pistoni, kisha akawaeleza utaratibu wao: kila bolti na kila nati hupigwa picha kabla haijaguswa, na mteja hukabidhiwa injini yake pamoja na albamu. Setsuyo alisema huo ndio ufundi. Iwao aliyarudia maneno ya yule kijana kichwani. Kila nati. Kabla haijaguswa.

"Kama wewe ndiye unayesema, shemeji," Setsuyo alijibu, akaifuta karakana ile katika orodha.

Basi wakaondoka, injini ikiwa nyuma yao kwenye kipikapu cha Iwao, imeviringishwa turubai la buluu na kufungwa kamba kama mgonjwa asiyetakiwa kujigeuza. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshavunwa, na juu ya milima weupe wa kwanza ulikuwa umeonekana.

Iwao alikuwa fundi wa gereji ndogo mjini Kamo, mtu wa miaka sitini na moja, na thelathini na minane kati ya hiyo aliimaliza chini ya magari ya watu. Kubadilisha oili, kubadilisha breki, kuyaandaa magari kwa ukaguzi wa serikali. Hakuwa fundi wa kusifiwa magazetini. Alikuwa fundi ambaye wajane na walimu wastaafu humwachia funguo mezani bila kumwuliza kitu, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi kwa miaka minne.

Injini ile ilikuwa ya marehemu Mamoru, mume wa Setsuyo na rafiki wa Iwao tangu wangali wanavaa kaptura za shule. Mamoru alikuwa mtu wa starehe moja tu: gari jeupe la milango miwili alilolinunua ujanani, akalisugua magurudumu kwa mswaki kila Jumapili hata mkewe akawa anamwuliza kama nalo linakula chakula cha jioni. Saratani ilipomlaza, majira ya baridi ya mwisho, alimwomba Iwao aifanyie injini ovaholi kamili. Alitaka kuisikia ikinguruma upya kabla hajafa. Iwao aliifungua, akatia vipya vyote vya kutia, akaanza kuifunga kwa adabu kama anayemvika rafiki yake nguo.

Hapo sasa ndipo penyewe. Fundi akikaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia "kat" nguvu ikitimia, huchora mstari mweupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma ilichokaa. Mstari huo maana yake ni moja: hii nimeikaza mimi, na nimemaliza. Fundi mwingine akiukuta hagusi. Ni kiapo. Lakini kalamu ya rangi hugoma kwenye baridi, na Iwao alikuwa na tabia yake mbaya ya siku nyingi: rangi ikikubali kutoka, alichora mistari yote kwa mpigo, halafu ndipo akakaza moja baada ya nyingine. Konrodi nne, vile vyuma vinavyoshika pistoni, nati nane, mistari minane. Alikuwa amekaza saba wakati Setsuyo alipoingia mbio gerejini na ndara za ndani miguuni, kwenye theluji, akisema Mamoru anamwita. Hawakumkuta hai. Siku tatu baada ya mazishi Iwao alirudi kazini macho yamevimba, akaona mistari minane myeupe, akaifunika injini.

Miezi minane ikapita. Kwenye sikukuu ya kuwakumbuka wafu, Kohei, mtoto wa pekee, alimchukua mama yake makaburini kwa gari la baba. Walipokuwa wakipanda mlima akalipita lori la mchanga, akakanyaga mafuta kama vijana wanavyokanyaga, na injini ikaanza kugonga. Kisha ikanoki, ikazimika kabisa. Iwao ndiye aliyekwenda kulivuta. Alifika wakati Setsuyo amesimama kando ya barabara, uso mweupe, akimwambia mwanawe kwa sauti ya chini kabisa: "Umemuua baba yako mara ya pili."

Iwao aliyasikia kwa masikio yake. Alisikia pia jinsi injini ilivyokuwa imegonga, maana Kohei alimwigia ule mlio huku analia, na mtu aliyezeekea kazini hahitaji zaidi. Akainama, akafunga mnyororo. Baadaye alimwambia Setsuyo kwamba injini imekufa na haina haja ya kufunguliwa.

Kohei alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi wa magari. Aliacha mwezi ule ule. Alikwenda Sendai, akapata kazi ya kupanga tofu kwenye masanduku, na tangu hapo nyumbani kwao kulifika kadi ya mwaka mpya tu, yenye jina lake na nafasi tupu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Ya Iwao ilikwisha kufika miaka minne, na ilikuwa bado inaendelea.

Karakana ya pili ilikuwa uani kwa mtu, huko Shirone, katikati ya mashamba ya peasi. Mwenyewe aliwapokea na sigara mdomoni, akaelekeza kidole kwenye pipa la vyuma vikuukuu. Alisema yeye habari za ndani ya injini hazimhusu. Anatoa yote, anatupa, anatia mapya. Hana muda wa kuchunguza maiti. Iwao alimsifu sana. Alimsifu mpaka yule bwana mwenyewe akaona haya, akaizima sigara.

"Shemeji," Setsuyo alisema waliporudi barabarani, "yule mtu alikuwa anaipiga nati kwa nyundo."

"Wengine ndivyo walivyofunzwa."

"Wewe hukuwahi kuipiga nati kwa nyundo hata siku moja. Mamoru alikuwa akisema, Iwao akikaza kitu hata tetemeko halikilegezi."

Iwao alishika usukani kwa mikono yote miwili. Ingekuwa afadhali amtukane.

Walisimama kando ya mfereji wakala matonge ya wali aliyoyafunga Setsuyo asubuhi. Alikuwa ametia samaki wa chumvi katika yote mawili ya Iwao, na yeye mwenyewe akala yenye chumvi tupu. Ndipo alipomweleza kwa nini mwaka huu, baada ya kukaa kimya muda wote huo. Alisema ameota meno yake yanatoka. Alisema mtu akifika umri wake haifai kulala na jambo kifuani. Injini ikitengemaa, kabla theluji haijazifunga barabara, atampigia Kohei simu.

"Nitamwambia, gari la baba yako limepona," alisema. "Nitamwambia, nimekusamehe."

Iwao aliliweka chini tonge lake. Alikunywa chai yote iliyokuwamo chupani. Tazama jinsi shetani anavyompangia mtu mambo vizuri: akinyamaza tu, akimpa yule wa Shirone injini leo, ushahidi utaingia kwenye pipa, mama atamsamehe mwana, mwana atarudi nyumbani mwaka mpya, na kila mtu atakula kwa furaha. Ila Kohei atakuwa amesamehewa kosa ambalo hakulifanya. Atakwenda nalo mpaka kaburini, akishukuru.

"Kuna moja imebaki," Setsuyo alisema akipangusa vidole. "Nimepewa na mke wa kasisi wa hekalu letu. Kwa Bi Fumie, mjini Tsubame. Unamjua?"

Alimjua. Hakuna fundi wa upande ule asiyeyajua macho yake yasiyopitwa na kosa, na ndiyo maana hakumtaja.

Bi Fumie alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini, nywele kazifunga kitambaa cha pamba, na karakana yake ilinukia oili ya kukerezea. Alirithi mashine kwa mumewe, na watu walipokuja wiki ya kwanza kumuuliza ataziuza lini, aliwajibu kwa kuiwasha moja. Aliwasikiliza wageni wake bila kuinua macho kutoka kwenye kombo la injini nyingine alilokuwa akilipima. Halafu akaipandisha injini kwenye stendi kwa mnyororo, akaigeuza tumbo juu, akaizunguka mara moja. Hakugusa kitu.

"Nani aliifunga hii mara ya mwisho?" aliuliza.

"Ni huyu huyu," Setsuyo akajibu, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Fundi wetu. Rafiki wa marehemu."

"Basi afungue yeye." Bi Fumie akamnyooshea Iwao spana. "Kwangu ndivyo ilivyo. Mimi siingii nyumba ya mtu mwenyewe hayupo."

Angeweza kusingizia mgongo. Angeweza kusema saa zimekwenda. Lakini mkono wa fundi ukipewa spana huipokea wenyewe, na wa Iwao uliipokea. Alilegeza bolti za sinia ya oili moja moja, polepole kuliko alivyowahi kufanya kazi maishani. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Sinia iliponyanyuka, oili ya chini ilikuwa nyeusi, inametameta vumbi la shaba.

Mistari ilikuwapo. Saba imenyooka kama siku aliyoichora. Wa nane ulikuwa umekatika katikati: nusu imebaki kwenye chuma, na nusu nyingine imezunguka pamoja na nati yake, inatazama kwingine kabisa.

Bi Fumie aliona. Iwao alijua ameona, kwa sababu aliondoka pale akaenda kupangusa meza iliyokuwa safi tayari. Alimwachia mwenye nyumba nyumba yake.

Setsuyo alisogea, akainama na miwani yake. "Hii mistari ni ya nini, shemeji?"

Uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni, unasubiri kutemwa. Mwendo mkali hulegeza nati. Maneno manne tu, na Setsuyo angeyaamini, kwa sababu yangetoka kwa fundi wake. Iwao aliitazama ile nusu ya mstari. Aliwaza mvulana wa miaka ishirini na mmoja akimwigia mlio wa injini kando ya barabara, huku makamasi yakimtoka, akiuliza, Ba'mdogo, nimefanya nini? Na yeye akainama kufunga mnyororo.

"Ni neno langu," alisema. "Kila mstari unasema Iwao amekaza. Huu wa nane ni uongo. Niliuchora kabla sijakaza, na sikukaza. Nati ilikuwa imekazwa kwa vidole tu. Kohei hakuua injini, shemeji. Angeiendesha kwa mwendo wa jeneza ingenoki vile vile. Nimelijua hilo tangu siku ile ile."

Setsuyo hakuinuka. Alishika ukingo wa stendi kwa mkono mmoja.

"Ni siku niliyokuja kukuita," alisema.

"Siku ile ni ya Mungu. Miaka minne ni yangu."

Akapiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji, ina oili na chembe za chuma, naye akaweka viganja chini na kipaji cha uso kati ya viganja, kama walivyofunzwa watu wa rika lake kuomba radhi ambayo hawaistahili. Alisubiri kutukanwa. Alitamani kutukanwa.

"Inuka," Setsuyo alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umekosea mtu wa kumpigia magoti. Na mimi pia ninaye wa kumpigia." Kisha, kama anayejisemea, "Nilikuwa nimeshapanga kumsamehe. Hebu niangalie. Nilikuwa nimeshapanga mpaka nguo ya kuvaa."

King'ora cha saa kumi na moja jioni kililia juu ya paa za mji. Huko Sendai nako watu walikuwa wanavua glavu kwenda zao nyumbani. Setsuyo alitoa simu mkobani, akaishika mbali na macho kutafuta jina, akabonyeza. Mashine kubwa ya kukereza ilikuwa bado inazunguka pale ukutani. Bi Fumie alikwenda akaizima, na karakana nzima ikanyamaza hata wote watatu wakausikia mlio wa simu ikiita.

Iliita mara nyingi. Kisha sauti ya kiume, nzito kuliko walivyoikumbuka, ikasema ndiyo.

Setsuyo aliigandamiza simu sikioni.

"Mama?" ilisema sauti. "Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna," Setsuyo akasema. "Hakuna aliyekufa, mwanangu. Hakuna. Wewe hukuua mtu." Akalirudia, halafu akashindwa kuendelea, machozi yakawa yanamshuka mpaka kidevuni naye hayafuti. Akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwa Iwao, ambaye alikuwa bado magotini.

Iwao alijipangusa viganja kwenye suruali, mara mbili, lakini oili ile si ya kutoka kwa kupangusa. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, na kwa upande wa pili akasikia pumzi za mtu anayesubiri.