Maumivu ya Doto

Nilikuwa nimechoka, na sioni haja ya kujifanya sikuchoka. Tangu mwenzangu aende likizo, chumba cha eksirei cha kituo chetu cha afya hapa Kisesa nakiendesha peke yangu, na foleni haijui kwamba mimi Hellen nina miguu miwili tu.

Akaingia bibi mmoja aitwaye Mhoja, amembeba mgongoni mjukuu wake Doto, wa darasa la kwanza. Pacha wake, Kulwa, alifuata kwa miguu, begi la nguo begani. Juzi walianguka pamoja walipokuwa wakicheza juu ya mawe nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, bibi. Mshushe basi, mzito huyo."

"Marahaba. Ng'ombe haelemewi na nunduye," akajibu, akamketisha Doto mezani. Doto alianza kulia kabla sijamgusa.

Mwaka huu tumewekewa programu ya akili mnemba. Inatazama picha za watoto na kuchora mraba mwekundu pale inaposhuku mfupa umevunjika, kisha daktari anaamua. Kwenye picha ya mkono wa Doto haikuchora kitu. Aliumia nyama tu.

"Sasa Kulwa," bibi akasema.

"Huyu naye anaumwa?"

"Haumwi. Anasikia maumivu ya Doto tu, si unajua mapacha. Lakini ukimpa mmoja ukamnyima mwenziwe, unaita ugonjwa nyumbani."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Mionzi si peremende, kwa hiyo niliamua kumzuga bibi: nimwekee Kulwa mkono chini ya mashine, niwashe taa, nizime, waende zao.

"Geuza kiganja, baba."

Alijaribu. Kiganja kikagoma kugeuka. Jasho likamtoka puani. Nikaenda kumwomba daktari ruhusa, nikapiga picha ya kweli.

Mimi sikuona kitu. Programu ikachora mraba juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Bibi alicheka. "Mashine yenu imewachanganya. Hata baba yao huwachanganya."

Nami nilitamani iwe imekosea, nipate kukaa chini. Nikabonyeza taratibu pale penye mraba. Kulwa akauma mdomo, machozi yakamshuka kimya.

Daktari alikuja, akaikuza picha, akatuonyesha: ukingo wa mfupa ulikuwa umebonyea kama bati lililopigwa jiwe. "Kavunjika huyu. Tumfunge hogo, ile plasta ngumu."

"Mbona hukusema?" nikamwuliza Kulwa.

"Nilisema. Bibi akasema ni maumivu ya Doto, yataisha Doto akipona."

Bibi Mhoja alitazama sakafu. Nilimkasirikia, halafu nikamhurumia, halafu uchovu ukanirudia wote.

Tulipomaliza kumfunga Kulwa, Doto naye akanyoosha mkono wake. Nikamzungushia bandeji, maana mila ni mila, na wagonjwa wengine walishaanza kugonga mlango.

Bibi akainama ili apandwe mgongoni. Kulwa akaokota begi kwa mkono wake mzima, akasogea pembeni kumpisha Doto.

"Ni wewe, Kulwa," bibi akasema, bado ameinama.

Ilibidi arudie.