Unga Uliotoka Mzuri Mno

Mtaa mzima ulimwita Cherehani, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya ushonaji peke yake. Mguu wake haukujua kutulia. Hata akiketi kula, kisigino kilipiga sakafu kana kwamba kuna pindo la kumalizia chini ya meza. Chai aliinywa amesimama, huku akitafuta mkasi, na mkasi wenyewe ameushika mkononi. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu mnene wa taratibu, mwenye joto la kukaa, na huyo walimwita Tanuri. Ndoa yao watu walikuwa wameshachoka kuishangaa.

Sasa huyu Tanuri alikuwa na ugonjwa wa sukari, na macho yake yalikuwa yanazidi kufifia. Mtoto wa jicho, alisema daktari, tena macho yote mawili. Kuutoa si kazi kubwa. Ila daktari hakuwa tayari kugusa jicho la mtu ambaye sukari yake imepanda namna ile.

"Ishusheni kwanza," alisema. "Aache mkate, aache wali, aache viazi, aache kila chenye wanga. Ikishuka, mlete. Isiposhuka, usimlete."

Ni maneno ya kumwambia mwokaji mikate hayo? Lakini aliambiwa, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye joko lake. Huko nako mambo yalikuwa yanaharibika. Mkate huiva kwa rangi, na yeye rangi zilikuwa zimemkimbia. Alitoa mikate mingine imeungua, mingine mibichi katikati, na dada yake aliyekuwa akiuza pale mbele aliificha ile mibaya chini ya meza ili kaka asijue. Cherehani alijua. Alijua pia kwamba mumewe akipofuka, hatapotewa na macho tu. Mtu yule bila joko lake angekaa kwenye kiti akaisha kama mshumaa.

Ndipo alipoanza kuhangaika na unga. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni alimwambia kwamba kuna watu wanaoka mikate ya njugu: lozi, korosho, karanga, unasaga tu, unatia mayai, basi, wanga ni kidogo sana. Gauni la watu likaachwa na pini zake. Cherehani akawa kiguu na njia, duka hadi duka. Lozi alizipata kwa muuza dawa mmoja, kipakiti kidogo mno, na mwenye duka akamuuliza kama anazitaka za kupaka usoni. Korosho zilikuwa za kukaangwa na chumvi. Karanga ndizo zilizojaa kila kona, basi zikawa karanga.

Kuzisaga ndiko kulikomtoa jasho. Unga wa njugu una adabu zake. Unabonyeza blenda kidogo, unaacha, unatikisa, unangoja ipoe, unabonyeza tena. Ukipitisha, mafuta yanatoka, na badala ya unga unapata siagi. Mwambie Cherehani angoje. Alibonyeza akaacha, akabonyeza akaacha, halafu akili ikamruka kwenye kola ya shati aliyoahidi, kidole kikabaki palepale, na aliposhtuka, blenda ilikuwa inalia kwa uzito na karanga zimekuwa uji wa kahawia. Akamimina nyingine. Zikawa siagi vilevile. Baada ya majuma mawili kabati lilijaa siagi ya karanga kwenye kila chombo chenye kifuniko, na hakuna unga wa kujaza hata kijiko.

"Mke wangu," Tanuri alimwambia kwa upole, "tufungue duka la siagi."

Hakucheka. Alizifunga karanga zilizobaki kwenye mfuko akazipeleka kwenye mashine ya kusaga nafaka, mtaa wa pili. Msagaji alikuwa kijeba mmoja mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, mwema kupita kiasi, aliyemwita kila mwanamke dada.

"Dada, karanga tupu hizi?"

"Karanga tupu. Nataka unga. Nitazipitia," akasema Cherehani, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Aliporudi alikuta unga. Si mchezo, unga hasa: mkavu, mwepesi, hauking'ang'anii kidole. Alimshukuru yule msagaji mpaka jamaa akaona haya. Akaenda akauchanganya na mayai na chumvi, akauoka, na ukatoka mkate uliojishika vizuri, wa kukatika vipande bila kumomonyoka. Tanuri alitafuna kipande cha kwanza polepole sana. Akachukua cha pili.

"Vipi?"

"Mtamu," akasema. "Nipe na kile cha pembeni."

Tangu siku hiyo nyumba ile haikukosa mkate wa karanga, asubuhi, mchana na jioni. Cherehani akapeleka mifuko kwa msagaji, akakimbia, akarudi, akachukua. Moyo wake ulikuwa umepata pa kukanyaga. Na sukari ya mumewe ikapanda.

Cherehani alidhani kipimo cha sukari walicho nacho nyumbani kimeharibika. Akabadilisha betri. Ikapanda tena. Daktari aliangalia, akavua miwani, akasema upasuaji usubiri, na akauliza swali moja tu: huyu bwana anakula nini?

Swali hilo lilimwingia Cherehani kama mwiba. Anakula nini? Nyumbani hali kitu kingine, mwenye kupakua ni yeye. Basi anakula huko kazini. Mtu ashinde siku nzima katikati ya mikate ya moto, harufu imemzingira, asimege hata kidogo? Akaanza kumchunguza. Alipokuwa akifua alikung'uta mifuko ya suruali akitafuta makombo. Alimkaribia kama mwenye mapenzi akamnusa mdomo. Mchana aliacha cherehani yake inazunguka akaenda kuchungulia dirisha la duka la mikate, akajificha nyuma ya magunia ya ngano, mwanamke mzima. Hakuona kitu. Kutoona kitu kukamchoma zaidi, maana sasa aliamini kwamba anafichwa kwa ustadi.

"Wifi," dada wa Tanuri alimwambia alipombana, "kaka hajagusa mkate. Naapa. Hata anaonja unga kwa kidole kisha anatema."

"Wewe ni dada yake, utasema nini?"

Siku daktari alipoahirisha mara ya pili, Cherehani hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la mikate, wateja wamejaa, Tanuri ameinama kwenye joko akijaribu kuona kwa kusogeza uso karibu na moto. Hakumung'unya maneno.

"Unakula," alisema. "Mimi nakesha kwa ajili yako, navunja mgongo kwa ajili ya unga wako, na wewe unajiibia macho yako mwenyewe. Afadhali uniambie unataka kuwa kipofu nipumzike."

Mteja mmoja alirudisha mkate mezani kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Tanuri aliinuka taratibu, uso umemwiva kwa moto. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akavua aproni, akaitundika msumarini, akapapasa ukuta hadi mlangoni.

"Nitakaa nyumbani," alisema. "Utaniona vizuri."

Na akakaa kweli. Alikaa kwenye kiti cha dirishani kuanzia asubuhi, mikono magotini, akiitikia akiitwa, akila anachopewa. Cherehani alimpa mkate wa karanga mwingi zaidi, kwa kuwa alikuwa ameanza kumwonea huruma na hakujua njia nyingine ya kusema hivyo. Aliula wote. Sasa hakuwa na mahali pa kuiba, mlango ulikuwa mbele ya macho ya mkewe siku nzima. Sukari ikapanda.

Cherehani alishika kile kipimo mkononi akakisoma mara mbili. Kama haibi, basi nini? Na kama haibi, yale maneno mbele ya watu yalikuwa nini? Hakuweza kumtazama. Alinyakua mfuko wa karanga akatoka, si kwa kuwa unga umekwisha, ila kwa kuwa chumba kile kilikuwa kinamkaba.

Kwenye mashine aliacha mfuko na kugeuka kuondoka kama kawaida yake. Halafu akafikiri anarudi kwa nani, akimwambia nini. Miguu ikakataa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuleta karanga pale, aliketi juu ya gunia, akangoja.

Msagaji aliwasha mashine, ikanguruma. Akamimina karanga kidogo. Halafu, bila kuficha lolote, akainama kwenye debe lililokuwa kando, akachota mahindi makavu, akamimina juu yake. Karanga, mahindi. Karanga, mahindi.

Cherehani alisimama. "Hiyo ni nini?"

"Eh?"

"Zima mashine. Unatia nini humo?"

Msagaji akazima. "Mahindi, dada."

"Ya nani?"

"Yako."

"Mimi sijaleta mahindi."

"Najua." Akatabasamu, vumbi likapasuka mashavuni. "Hujawahi kuleta. Karanga peke yake hazisagiki, zinaziba chekeche kwa mafuta. Kina mama wote wanaoleta karanga hapa wanachanganya na mahindi, wanapikia watoto uji. Siku ile ya kwanza nikasema huyu dada amesahau, na ana haraka, nisimsumbue. Nikakuwekea yangu. Mpaka leo nakuwekea, nusu kwa nusu. Wala sikudai, wewe ni mteja mzuri, unashukuru."

Alitaka kumrukia. Alitaka kuvunja lile debe. Lakini mtu yule alikuwa amesimama na kikombe chake cha kuchotea, ametulia, anasubiri kushukuriwa kwa mara nyingine, na Cherehani alijua vizuri ni nani ambaye hakuwahi kungoja hata usagaji mmoja ukaisha. Alimwambia kwamba mumewe anaumwa sukari. Tabasamu la msagaji likafutika. Alikaa chini kwenye gunia lilelile na kushika kichwa.

Njiani Cherehani alikuwa akitembea na kukimbia kwa zamu. Tanuri alikuwa kitini. Cherehani alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote bila kupumzika, debe, mahindi, chekeche, uji wa watoto, na mwisho akasema, "Nimekudhalilisha mbele ya watu na mwenye kukulisha wanga ni mimi. Nisamehe, baba. Nisamehe."

Tanuri aligeuza uso kwenye dirisha.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ule unga una mahindi. Tangu kipande cha kwanza. Mke wangu, mimi ni mwokaji. Unga utanidanganya mimi?"

Cherehani alikaa sakafuni.

"Nilidhani unatia wewe," akaendelea. "Nikasema amenionea huruma, ameweka kidogo ili ushikane, hataki nile vumbi. Mwanzoni nilitaka kukuambia. Halafu nikasema nikimwambia ataacha. Na sikutaka uache." Akakohoa. "Ile siku uliyokuja dukani, nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. Kwa sababu ya mkate. Mtu mzima, macho yanakwenda, nimenyamaza kwa sababu ya kipande cha mkate. Sasa nani amwombe nani msamaha?"

Cherehani alimpiga ngumi gotini. Akampiga na nyingine. Kisha akalaza kichwa palepale alipopiga, na wote wawili wakalia, na katikati ya kulia yeye akaanza kucheka kwa hasira, kwa kuwa alikuwa ameolewa na mpumbavu, na mpumbavu mwenyewe alikuwa anampapasa nywele.

Blenda ikarudi mezani. Safari hii Tanuri aliketi kando yake, sikio karibu na chombo, mkono wake juu ya mkono wa mkewe. Kuona hakuweza, lakini kusikia alisikia. Karanga zikiwa kavu zinapiga kelele za changarawe, na kabla mafuta hayajatoka sauti inashuka.

"Bonyeza. Toa. Tikisa. Sasa ngoja."

"Nangoja."

"Hungoji. Kisigino chako kinanitikisia meza."

Akanyoosha mguu wake mzito chini ya meza, akaukanyaga mguu wa mkewe taratibu, akauacha pale. Ndivyo walivyosaga unga, kila asubuhi, mguu juu ya mguu. Mkate uliotoka ulikuwa mfupi, mweusi, unamomonyoka hata ukitazamwa.

"Vipi?" Cherehani aliuliza ulipoiva ule wa kwanza.

Tanuri alitafuna, akameza kwa taabu. "Mbaya," alisema. "Huu ndio wenyewe."

Sukari ilichukua muda wake, lakini ilishuka. Ikashuka tena. Daktari alitazama, akavua miwani, akaivaa, akatoa tarehe.

Siku bandeji ya jicho la kwanza ilipofunguliwa, Cherehani alikuwa amemletea mkate wa karanga umefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu hakuwa amejua alete nini kingine. Tanuri alipepesa jicho hadi machozi yakaisha. Akaufungua ule mkate, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Kumbe na sura yake mbaya," alisema.

Kisha akainua uso akamtazama mkewe. Alimtazama kwa utulivu, kama anavyotazama mkate jokoni akiamua, paji la uso, macho, mashavu, mifupa ya shingo iliyojitokeza juu ya kola. Kisigino cha Cherehani kilikuwa kinapiga sakafu ya hospitali. Kikapunguza, kikasimama.

"Umekonda," Tanuri alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Akakata mkate vipande viwili, akampa kile kikubwa, akamwambia aketi ale.